Wasichana Watatu wa Kitongoji Kimoja

Mimi ni mtu wa daftari. Wauguzi wengine husifiwa kwa mkono mwepesi wa sindano au kwa upole wao. Mimi husifiwa kwa mistari iliyonyooka. Katika zahanati yetu, iliyo njia ya kuelekea Kwedizinga, daftari nalipigia mstari kwa rula, na mwenzangu akipiga wa kukisia naurudia. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba kosa ninalolisimulia halikutokana na uzembe. Lilitokana na unadhifu.

Barua ilitoka wilayani, na fomu ndani yake. Walitaka kila zahanati iorodheshe watoto wa chini ya miaka mitano waliotoka hospitali na ambao ugonjwa wao si wa kumaliza dozi na kusahau: watoto wenye matatizo zaidi ya moja, wanaozungushwa kliniki hii na ile, wenye dawa nyingi mpaka mama hajui aanze na ipi. Hao wangewekwa chini ya zahanati iliyo karibu nao. Kila mtoto angekuwa na faili moja, tarehe moja ya kliniki, na mtu mmoja wa kuwajibika, anayezijua dawa zote na anayezungumza na hospitali zote. Lilikuwa wazo zuri. Nimewahi kumwona mama akisafiri mara tatu kwa wiki na mtoto yuleyule mgongoni, kila safari kwa daktari ambaye hajui mwenzake alisema nini.

Fomu ilikuwa na vigezo. Mtoto awe amelazwa mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, awe anahudhuria kliniki mbili au zaidi, na awe anatumia dawa kila siku. Asiyetimiza vyote vitatu asiandikwe, maana nafasi ni chache.

Nilikaa mezani asubuhi na daftari la watoto waliotoka hospitali, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Sikunyanyuka ila kwenda kunywa chai. Nilipata watoto wanne wenye sifa, nikawaandika kwa wino mweusi. Waliokosa sifa niliwakata kwa mstari mmoja wa rula, mwembamba, ili majina yaendelee kusomeka.

Kati ya niliowakata walikuwamo wasichana watatu wa kitongoji kimoja, kile cha ng'ambo ya korongo. Wa kwanza alikuwa na tundu kwenye moyo: amelazwa mara moja, kliniki moja. Wa pili alikuwa na kifafa: amelazwa mara moja, kliniki moja. Wa tatu naye kifafa, kilichopanda pamoja na homa ya mapafu akiwa safarini Hale: hospitali nyingine kabisa, amelazwa mara moja, kliniki moja. Wote walikuwa na miaka miwili na kitu. Wote watatu niliwaonea huruma, nikapiga mstari.

Baba zao walikuwa na jina moja, lakini jina lile kijijini kwetu wanalo nusu ya wanaume, na nusu iliyobaki wamewapa watoto wao. Sehemu ya jina la mama palikuwa pameandikwa Mama na jina la mtoto, kama tunavyoitana wote. Tarehe za kuzaliwa zilipishana kwa miezi. Karatasi za kuruhusiwa zililetwa na watu watatu tofauti kwa nyakati tofauti, maana mama akitoka hospitali humpa karatasi yeyote anayepita kuja kwetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehamia kituo kile mwaka mmoja tu nyuma, na kitongoji kile nilikuwa nakijua kwa kuandika, si kwa miguu. Nilizipokea karatasi, nikaziingiza, nikamshukuru kila aliyeleta.

Kilichonishangaza ni idadi. Nilimwonyesha mganga mfawidhi wetu, kijana mpole ambaye hasemi neno kabla ya kulifikiria mara mbili. Kitongoji hakifiki kaya thelathini, nikamwambia, na kina wasichana watatu wa rika moja wenye maradhi makubwa namna hii. Akafikiria. Akasema pengine ni maji. Nami nikaona kweli, pengine ni maji, kwa sababu wanachota kwenye lambo ambalo ng'ombe nao wanalitumia. Tukaandika barua wilayani. Niliiandika mimi, kichwa cha habari nikakipigia mistari miwili, na sikatai kwamba nilijisikia mtu wa maana.

Haikupita wiki bwana afya akaja na gari la idara, dereva, na sanduku la chupa za kuchukulia maji. Alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, na alinipongeza kwa umakini. Tulikwenda lamboni kwanza. Alijaza chupa zake, akazibandika karatasi, akaandika saa. Kisha akasema anataka kuziona kaya tatu zenyewe, apime na maji ya mitungini.

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyetuongoza. Nilimsomea jina la mtoto wa kwanza, akatupeleka kwenye nyumba ya udongo yenye bati lililopata kutu. Uani alikaa bibi mmoja akipukuchua mahindi. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikasema tunamtafuta mama wa fulani. Bibi aliendelea kupukuchua. Akasema jina hilo halipo hapa.

Niliandika kwamba hayupo. Nikamsomea mwenyekiti jina la pili. Akatutoa uani, tukatembea mpaka njiani, akasimama, akajikuna shingo, kisha akageuka na kuturudisha kwenye ua uleule. Bibi alitutazama kama watu ambao hajawahi kuwaona. Nikatamka jina la pili. Akasema hilo nalo halipo tena.

Nikamwuliza mwenyekiti nyumba ya mtoto wa tatu iko wapi. Hakutembea safari hii. Alisema ni hapa pia, akawa anaangalia chini. Bwana afya akauliza kama nyumba ile wanakaa familia tatu. Mwenyekiti akajibu kwamba familia ni moja, na mtoto ni mmoja. Bwana afya alinitazama, kisha akazitazama chupa zake.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilichokihisi kwanza kilikuwa aibu. Mimi ni Mzigua wa Misima. Mambo hayo sihitaji kuelezwa. Kwetu mtoto akizidi kuumwa husemwa jina limemkataa. Mwenye jina, ambaye ameshatangulia, hakupendezwa, au yuko mwingine aliyetaka akumbukwe yeye. Wazee wanakaa, jina jingine linatafutwa, uji unapikwa, dua inasomwa, na jina la zamani halitamkwi tena, kwa kuwa ukiliita umeuita na ugonjwa wake. Mdogo wangu mwenyewe alibadilishwa jina akiwa mchanga. La kwanza nalijua na mpaka leo sijawahi kulitoa mdomoni. Siku nilipovaa sare nilikuwa nimeyaacha haya mlangoni kama viatu vya msikitini, na wakati wa kutoka sikurudi kuvichukua.

Kwa hiyo mtoto alipolazwa kwa ajili ya moyo alikuwa na jina la upande wa baba. Alipotoka, bibi alimpa jingine, na kwa jina hilo akashikwa na kifafa. Akapewa la tatu, la upande wa mama, na kwa jina hilo akaugua Hale walipokwenda kuwasalimia wajomba. Kila hospitali ilimpokea mtoto mpya, na tarehe ya kuzaliwa ya kukisia, na haikuwa na sababu ya kudhani vinginevyo. Mtu pekee aliyekuwa na karatasi zote tatu juu ya meza moja alikuwa mimi.

Niliuliza mtoto yuko wapi. Mama yake alitokea mlangoni, binti mdogo wa miaka ishirini hivi, akasema amelala. Nikamwuliza amelala tangu saa ngapi. Akasema tangu jana.

Niliingia ndani. Kwenye ukuta juu ya kitanda kulikuwa na misumari mitatu, na kila msumari umetundikwa kifuko kilichoshonwa kwa kipande cha kanga. Bibi alikuwa ameamuru kadi ya jina la zamani isichanganywe na ya jina jipya, na mama akatii. Madaktari nao walikuwa wamemwambia dawa isikatizwe hata siku moja, na mama akatii. Basi msumari wa kwanza ulikuwa na dawa ya moyo, asubuhi na jioni. Msumari wa pili dawa ya kifafa, kila jioni. Msumari wa tatu dawa ya kifafa, kila jioni. Ilikuwa dawa moja kutoka viwanda viwili, vidonge haviko sawa kwa ukubwa wala pakiti hazifanani. Tangu warudi Hale alikuwa anampa mtoto zote, bila kukosa wala kuchelewa. Katika kazi yangu sijaona mama anayefuata maelekezo kama yule.

Nilimfinya mtoto unyayo. Alikunja uso kidogo, hakufumbua macho. Nikamhesabia pumzi, nikahesabu tena kwa kuwa sikuipenda hesabu ya kwanza. Ya pili ilikuwa ileile. Niliogopa kama sijawahi kuogopa kazini.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nesi, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Nimekosea mimi."

Sidhani kama alinielewa, na hapakuwa na nafasi ya kufafanua. Nilivitungua vifuko vyote vitatu. Gari lilikuwa uani. Lilikuwapo kwa sababu ya maji ambayo hayakuwa na hatia yoyote, na laiti ningekuwa mtu wa akili siku ile mezani lisingekuwapo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na sijapata namna ya kulifurahia.

Tulipanda: mama na mtoto, bibi ambaye hakuna aliyemwalika wala aliyethubutu kumshusha, mimi na vifuko, bwana afya na sanduku lake. Njiani kila gari lilipopiga shimo chupa ziligongana, na bwana afya aliziwekea mkono zinyamaze. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Bibi alikuwa anatazama nje, kwenye mashamba ya mahindi, kama mtu anayekwenda arusini kwa watu asiowapenda.

Hospitali walimpokea mtoto haraka, wakamwekea oksijeni. Daktari aliyekuwa zamu alitaka kujua historia yote, kuanzia mwanzo. Karani wa mapokezi alitaka kitu kidogo zaidi. Alitaka jina.

Mama alimtazama mkwewe. Bibi alitazama ukuta. Karani akarudia kuuliza, akidhani hajasikika. Nilijua ninachotaka kuandika, na nilijua nikiandika la tatu peke yake daktari ataipata dawa ya kifafa na asijue habari ya moyo, na nikiandika la kwanza hatajua kwa nini mtoto amelala. Ningeweza kuyaandika yote bila ruhusa ya mtu. Nilikuwa na kadi mkononi, nilikuwa na sare. Lakini bibi yule angemchukua mtoto akishafumbua macho tu, akaenda kumtafutia la nne, na sisi tungeanza tena na msumari mwingine.

Nikapiga goti mbele ya benchi, pale mapokezi, watu wakiangalia. Nikamwambia kwa Kizigua kwamba mimi ni mtoto wa Misima, na kwetu pia tunabadilisha, na mdogo wangu ninaye hai kwa jina la pili. Nikamwambia sitaki kuwaita waliotangulia. Nataka daktari ajue mjukuu wake amekunywa nini.

Alizitazama kadi mkononi mwangu, moja baada ya nyingine. Karani alifunga kalamu yake.

"Andika yote," bibi alisema mwishowe. "Lakini usiyasome kwa sauti."

Niliyaandika matatu kwa mfululizo katika mstari mmoja. Karani alinionya kwamba nafasi ya jina haitoshi, na kweli haikutosha. La tatu liliingia kwenye nafasi ya kabila. Nilizibana kadi tatu kwa pini moja nikazipeleka kwa daktari, nikamwomba asome kimya. Alinitazama mara moja tu. Akazipanga juu ya kitanda, moja pembeni ya nyingine, akasoma kimya, akachukua kifuko cha tatu akakitia kwenye mfuko wa koti lake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kungoja tu. Sikurudi kituoni. Kesho yake, karibu na adhuhuri, mtoto alifumbua macho, akaniona mimi wa kwanza, akaangua kilio. Watoto kulia wakiniona ni jambo la kila siku, sijawahi kulishukuru. Nilitoka nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia shuka, nikalia mpaka mfuaji akaniuliza nimefiwa na nani.

Majibu ya maji yalikuja baada ya wiki mbili. Wananchi walishauriwa kuchemsha.

Yalibaki mambo ya fomu. Nilimjaza msichana yule upya: amelazwa mara nne sasa, kliniki mbili, dawa kila siku. Alikuwa ametimiza vigezo kuliko mtoto yeyote niliyemwandika kwa wino mweusi. Fomu ikarudishwa na maelezo kwamba mtoto anasajiliwa kwa jina moja tu, na kwamba nafasi iliyobaki ni moja, na nisipoleta jina mwezi ule inapewa kata nyingine. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi kule, ningeirudisha vilevile.

Nikavuka korongo kwa miguu, safari hii peke yangu, kumwuliza bibi niandike lipi. Nilimweleza maana yake: faili moja, tarehe moja, mtu mmoja wa kuwajibika. Na kwamba moyo ule una tundu na unatakiwa kupelekwa Dar es Salaam, na hakuna atakayempeleka kama haieleweki ni mtoto gani. Aliniuliza huyo mtu mmoja wa kuwajibika ni nani. Nikasema ni mimi. Akaniuliza jina langu kamili, la nyumbani, si la kazini. Nikamtajia. Akasema atafikiria.

Alifikiria mpaka nikaanza kuhesabu siku za mwezi. Wakati huo nilianza kuwauliza akina mama wote wa kata, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa: kabla ya jina hili aliitwaje? Wengi walinicheka. Wachache walitazama mlango kwanza, wakaniandikia wenyewe kwa penseli. Nimempata mwingine, wa kiume, mwenye kadi mbili na kikohozi kimoja. Ile mistari mitatu ya rula bado ipo daftarini. Wino haufutiki, na sijabandika karatasi juu yake.

Bibi alikuja siku ya kliniki, mwezi ukiwa umebakiza siku mbili, pamoja na mkwewe na mtoto, na chupa ya uji iliyofungwa kwa kanga. Alipita foleni yote kama haioni. Mama akaweka kifuko mezani kwangu. Kilikuwa kimoja.

Bibi alikaa, akasema amekuja kunipa jina la kuandika. Mtoto amebadilishwa jana. Wazee walikaa, dua ilisomwa, na huu ni uji wangu, ninywe. Nilishika kalamu nikamwuliza safari hii ni jina la nani.

"Wafu nimewaomba mara tatu," alisema. "Hawana miguu ya kuja. Wewe una miguu."

Kwetu mtoto akipewa jina la aliye hai, mwenye jina ndiye wa kuulizwa. Akiumwa, unaitwa kabla ya baba yake. Akikataa kula, unaitwa. Akifa, watu huja kukupa pole wewe, na jina huzikwa ukiwa umesimama unaangalia. Mimi sina mtoto wa kumzaa, na somo, wa kuitwa kwa jina langu, sikuwahi kuwa naye. Sikuulizwa. Niliunywa uji wote huku foleni ikinitazama, na niliogopa kuliko siku ile ya kuhesabu pumzi, maana tundu lile la moyo bado lipo, na sasa lina jina langu.

Nilijaza fomu palepale. Kwenye jina la mtoto niliandika jina langu. Kwenye mtu wa kuwajibika niliandika jina langu. Ikarudi wiki iliyofuata, imezungushiwa duara jekundu mahali pawili, na ushauri kwamba inaonekana nimejiandika mimi kwenye nafasi ya mtoto, na nisome maelekezo kabla ya kujaza.

Nilichukua rula. Nikapiga mstari chini ya jina la juu, nikapiga mwingine chini ya jina la chini, nikairudisha kama ilivyokuwa.